Harufu Uliyoilipia Isikuponyoke

Kabla hujapika bia nyingine, toa kwenye friji chupa mojawapo ya zile za mwezi uliopita, imimine kwenye glasi pana, halafu inuse kabla hujaionja. Usijionee huruma. Kama pua inapata kimea, inapata utamu wa mkate uliotoka kuokwa, na ulimi baadaye unapata uchungu wa kutosha, lakini ile harufu ya embe na balungi iliyokufanya ununue hopi za bei mbaya haisikiki ng'o, basi keti hapa tuzungumze. Tatizo lako linatibika, na linatibika kwenye mapishi yanayofuata, wala huhitaji kungoja mwaka kesho.

Najua unachotaka kufanya. Unataka kuongeza hopi. Karibu kila mpishi wa bia wa nyumbani hukimbilia huko: gramu hamsini hazikunukia, basi zitiwe mia, mia hazikunukia, basi mia mbili. Acha. Hopi ulizotia zilikuwa na harufu ya kutosha kujaza jiko zima, na kweli zilijaza jiko, ndiyo maana watu wa nyumbani mwako waliuliza unapika nini. Harufu iliyokwenda jikoni haimo tena kwenye bia. Iliyobaki ukaiachia hewa ikaila siku ya kujaza chupa, na iliyonusurika hapo ukaiweka kabatini ikafa kwa uzee. Hakuna aliyekuibia. Mikono iliyoipoteza ni yako, na mikono hiyohiyo inaweza kuilinda.

Nazungumza na wewe uliyeko mahali ambapo sheria inakuruhusu. Marekani ruhusa hiyo ilitiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Kwa sheria ya shirikisho, nyumba yenye mtu mzima mmoja inaweza kupika galoni 100 kwa mwaka, yaani lita 378 hivi, na yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, kwa kunywa na si kwa kuuza. Uingereza walikwisha kuiondoa leseni ya mpishi wa nyumbani tangu 1963. Kenya ni habari nyingine: sheria ya vileo ya mwaka 2010 inamtaka mtengenezaji awe na leseni, kwa hiyo wakikukuta na ndoo zako Nairobi usiseme mwandishi ndiye aliyekutuma. Na asiyekunywa, kwa dini au kwa afya yake, hapa hakuna anachokikosa, apite salama.

Nikupe mfano wa mtu aliyeanza na ndoo kama zako. Ken Grossman alikuwa mpishi wa bia wa nyumbani katika mji wa Chico, California. Mwaka 1976 alifungua duka dogo la kuuzia vifaa vya kupikia bia. Biashara ya hopi haikuwa imezoea wateja wadogo kama yeye, kwa hiyo akawa anaendesha gari hadi bonde la Yakima, jimbo la Washington, kuzitafuta huko huko zinakolimwa. Miaka michache baadaye, yeye na mwenzake Paul Camusi wakaunganisha mitambo iliyokwisha kutumika kwenye viwanda vya maziwa, wakaanzisha Sierra Nevada, na mwaka 1980 wakaanza kupika. Pale ale yao ilibebwa na hopi iitwayo Cascade, iliyozalishwa na watafiti wa serikali huko Oregon na kutolewa kwa wakulima mwaka 1972. Mapishi ya mwanzo hayakumridhisha Grossman, akayamwaga. Akapika tena, akamwaga tena, mpaka bia ya leo ikalingana na ya juzi.

Hebu fikiri maana ya kumwaga. Pesa hana, mitambo ni ya mkononi, na kile anachokimwaga kinanyweka. Wamarekani wengi wakati huo walizoea bia isiyo na harufu yoyote ya kusimulia, kwa hiyo hata ile iliyokosewa ingewashangaza. Angeweza kuiuza. Alikataa kwa sababu alichotaka kilikuwa puani mwake tayari, na glasi haikuwa imekifikia. Sikuambii ukafungue kiwanda. Nakwambia uwe na ukaidi huo juu ya ndoo yako ya lita ishirini.

Na wewe una kitu ambacho wengi walioanza huko hawakuwa nacho: pua iliyolelewa. Hopi ni ua la mmea unaotambaa juu ya kamba. Lipasue katikati kwa kucha, utaona kwenye kitako cha kila jani dogo unga wa njano unaonata. Huo ndio lupulini, na ndani yake mna mafuta yote yanayonukia. Ufikiche baina ya viganja viwili mpaka upate joto, kisha ufunike pua kwa viganja hivyo, kama wafanyavyo wanunuzi wa viwanda msimu wa mavuno. Sasa sikiliza kilichomo. Mafuta yaliyo mengi zaidi kwenye hopi nyingi za Kimarekani ni mirseni, nayo imo pia kwenye mchaichai na kwenye embe. Linaloli imo kwenye rehani na giligilani. Geranioli ni ya waridi. Kariofileni ni ya karafuu na pilipili manga.

Umekulia kwenye nyumba ambayo chai iliungwa kwa mchaichai, rehani ikatiwa kwenye kikuba, karafuu zikaanikwa kwenye mikeka mpaka mtaa mzima ukajua. Harufu ambazo mwenzako wa Portland anajifunza kwa kuhudhuria darasa, wewe ulizijua kabla hujajua kusoma. Usikubali mtu akwambie kwamba bia ya hopi ni mambo ya wengine na wewe ni mgeni ndani yake. Siku utakayoinusa Sabro, hopi iliyotoka mwaka 2018, utakutana na nazi na chenza. Mtu wa Tanga hahitaji kueleweshwa hapo.

Kinachotakiwa ni kuipa pua hiyo majina. Nunua chupa kadhaa za bia nyepesi ya dukani isiyo na harufu ya kutajika. Fungua moja, dondosha vidonge viwili vya hopi za aina moja, uifunge upesi kwa mashine yako ya vizibo, maana bia yenye gesi hutoa povu mara hopi zinapoigusa. Chupa ya pili weka aina nyingine. Ziache kwenye friji siku tatu, kisha zimimine pamoja na ile isiyotiwa kitu, uandike unachokinusa kwa maneno yako mwenyewe. Ukisema pasheni, andika pasheni. Ukisema majani ya ndimu, andika hivyo. Maneno ya watu yaliyochapishwa kwenye pakiti yanauza pakiti. Yako ndiyo yatakayokuongoza ukiwa mbele ya sufuria.

Tuingie jikoni. Uchungu wa bia unatokana na asidi za alfa, na hizo zinataka kuchemshwa ndipo zigeuke na kuyeyuka kwenye maji ya kimea. Kwa sababu hiyo hopi za uchungu huingia mapema, dakika 60 kabla ya moto kuzimwa. Mafuta ya harufu yana tabia ya kinyume: mvuke ukipanda nayo yanapanda. Hopi iliyochemka saa nzima haitakuachia harufu ya maana hata iwe Citra au Mosaic, na kuitia Citra dakika ya sitini ni kuchoma noti. Kazi ya uchungu wape akina Magnum, hopi za bei nafuu zenye alfa nyingi. Gramu 15 zinatosha lita 20 kwa uchungu wa wastani.

Hopi za bei zikae kwenye friza mpaka moto uzimwe. Hata hapo usiwe na haraka, kwa sababu maji ya kimea yaliyotoka kuchemka bado ni makali sana kwa mafuta haya. Poza kidogo mpaka kipimajoto kisome nyuzi 78 hivi. Chini ya nyuzi 80 asidi za alfa hugeuka kwa uvivu mkubwa, kwa hiyo uchungu hauongezeki sana, lakini mafuta yanaendelea kutoka kwenye hopi na kuingia majini. Tia gramu 60 hadi 80 kwa lita 20, koroga kwa mwiko mara moja mpaka maji yazunguke, funika, subiri dakika 20 au 30, kisha poza haraka. Hatua hii moja, isiyokugharimu hata senti ya ziada, ndiyo inayotenganisha bia nyingi zinazonukia na zile ambazo hazinukii.

Halafu ije kazi ya kuloweka hopi kwenye bia baridi. Wengi wanaitia hopi hii siku ya pili au ya tatu, hamira ikiwa bado inachemka kama mbuzi dume, eti harufu iingie mapema. Gesi inayotoka wakati huo hubeba harufu na kutoka nayo. Ukipita karibu na kizibo cha hewa ukanusa embe chumba kizima, jua kwamba embe hiyo haitafika kwenye glasi. Wapo wanaoitia mapema makusudi, kwa kuwa hamira hugeuza baadhi ya mafuta, kwa mfano geranioli kuwa sitroneloli yenye harufu ya ndimu, nami sibishani nao. Lakini kama ndiyo kwanza unajifunza kuilinda harufu, ngoja hamira imalize na kutulia.

Kiasi gani? Hapa tuna jibu la maabara. Mwaka 2018 Scott Lafontaine na Tom Shellhammer wa Chuo Kikuu cha Oregon State walichapisha utafiti wa kuloweka hopi za Cascade kwa viwango mbalimbali. Walikuta kwamba ukivuka gramu 8 kwa lita, harufu haipandi tena kwa kadiri ya hopi unazoongeza, na inaanza kuegemea majani na chai badala ya machungwa. Kiwango chenye tija kilikuwa kati ya gramu 4 na 8 kwa lita. Kwa ndoo yako ya lita 20 hiyo ni gramu 80 hadi 160. Anza na 100. Anayetia 300 akalalamika hazinukii anajipikia chai ya nyasi kwa gharama kubwa.

Fungua kifuniko kidogo tu, mimina vidonge taratibu huku ukiangalia povu, kwa sababu gesi iliyolala kwenye bia huamka ghafla na inaweza kupanda hadi juu ya meza. Kama unatumia mfuko wa kitambaa, uwe mkubwa. Vidonge vinavimba, na vikibanana vya katikati hubaki vikavu. Nyuzi 18 zinafaa. Vidonge hutoa karibu vyote vilivyomo ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo siku tatu zinatosha, na wiki mbili unazosoma kwenye vitabu vya zamani zitakuletea ladha ya majani na ukakasi kooni.

Onyo moja la usalama, na nalisema kwa uzito. Hopi zina vimeng'enya vinavyovunja sukari ambazo hamira ilishindwa kuzila. Hamira inaamka, inaanza kula upya, gesi inazaliwa upya, na bia inaweza kunuka siagi kwa siku kadhaa. Ukiifungia kwenye chupa wakati huo, chupa inaweza kupasuka mikononi mwa mtoto anayefungua kabati. Ukishaloweka hopi, pima kwa haidromita; namba isiposhuka kwa siku tatu mfululizo na siagi isipokuwepo puani, ndipo ujaze.

Sasa tufike kwa adui mkubwa. Mengine hata ukiyasoma mbio, hapa punguza mwendo, kwa sababu bia nyingi za nyumbani hupikwa vizuri hadi siku ya mwisho, zikauawa ndani ya nusu saa ya kujaza chupa. Adui huyo ni oksijeni. Kabla hamira haijaanza kazi, oksijeni ni rafiki. Tikisa ndoo mpaka mkono uume, kwa kuwa hamira inaihitaji ili izaane. Hamira ikishamaliza, mlango ufungwe kabisa. Bia yenye hopi nyingi ikikutana na hewa hubadilika mbele ya macho yako: leo ni ya dhahabu, wiki chache baadaye imefifia ikawa na rangi ya kahawia isiyopendeza, na puani embe imekwisha, imebaki asali nzito na boksi lililolowa.

Angalia jinsi watu wanavyojaza. Ndoo iko juu ya meza, bomba limefunguliwa, chupa imeshikiliwa chini yake, na bia inaanguka ndani ikilia bwabwabwa huku povu likipanda shingoni. Mpishi anafurahia povu. Kila bwa ni hewa inayoingia. Na kabla ya hapo aliihamisha bia kutoka ndoo ya kwanza kwenda ya pili ili "isafike", akafungua kifuniko mara kadhaa kuchungulia, akakoroga sukari kwa mwiko kama anayepika uji. Ukimuuliza mbona bia hainukii, atakutajia aina ya hopi.

Wewe fanya tofauti. Bia ikae kwenye chombo kilekile ilimochachukia mpaka siku ya kujaza. Usichungulie; nje ya kile kipimo cha haidromita, kama huna bomba la kuonjea, vumilia. Sukari ya gesi pima kwa kila chupa peke yake, au itangulie chini ya ndoo ya kujazia na bia iifuate kimyakimya kwa mpira uliolala hadi chini. Tumia kijiti cha kujazia kinachofika kitako cha chupa, ili bia ipande kutoka chini bila kelele. Jaza mpaka karibu na mdomo, nafasi ya vidole viwili ni kubwa mno. Povu likichungulia juu, weka kizibo juu ya povu lenyewe na ubane pale pale, maana povu limesukuma hewa nje. Ukiwa na kegi una bahati zaidi: ijaze pomoni kwa maji ya dawa ya kuulia vijidudu, yasukume yote nje kwa gesi ya kaboni dayoksaidi, kisha ingiza bia kwa mpira uliofungwa pande zote mbili. Ni kazi inayochosha na haina picha nzuri ya kuwaonyesha marafiki. Ifanye mara moja tu, utaniambia.

Mengine ni mafupi. Maji ya mijini hutiwa klorini au kloramini, na hizo zikikutana na kimea huleta harufu ya hospitali inayofunika kila kitu. Robo ya kidonge cha Campden kwa lita 20 inamaliza kesi. Jasi kidogo kwenye maji huufanya uchungu uwe mkavu na hopi zisimame wazi. Kimea cha karameli kisizidi sehemu ndogo sana, kwa sababu utamu wake mzito huikalia harufu. Chupa ziwe za kahawia na zikae gizani. Mwanga wa jua huifanya bia yenye hopi inuke kicheche, na inaanza ndani ya dakika chache.

Ununuzi nao una akili yake. Hopi za Marekani na Ulaya huvunwa mwishoni mwa Agosti na Septemba. Za New Zealand na Australia huvunwa kuanzia Februari hadi Aprili, na za Afrika Kusini, zinazolimwa kando ya mji wa George, hufuata majira hayohayo ya kusini. Pakiti nzuri huandikwa mwaka wa mavuno. Isiyoandikwa, iache. Iliyo kwenye nailoni nyepesi inayoonyesha ndani, iache pia. Unataka mfuko wa foili uliofyonzwa hewa. Ukifungua ukakuta harufu ya jibini au soksi, hopi hizo zimezeeka na hakuna mapishi yatakayozifufua. Mfuko wa ratili moja, gramu 454, huwa nafuu kwa gramu kuliko vipakiti vya gramu 28, ila uwe na friza na uufunge upya bila hewa. Na mabaki ya hopi yasiachwe mahali mbwa anapofika: hopi humpandisha mbwa joto la mwili kiasi cha kumuua.

Nimeyaacha makusudi hadi hapa yale yanayonifanya niamini kwamba utaishinda baa. Kule Kilimanjaro, mama anayepika mbege huchemsha ndizi, akaunga na kimea cha ulezi, na uchungu akautafuta kwenye gome la msesewe. Mbege ikishaiva siku yake ni leo na kesho. Wiki ya pili hakuna mtu wa kuigusa. Pwani nako tembo lililogemwa alfajiri ni tamu, jioni limeshakuwa kali, na mnywaji anajua saa ya kwenda. Vinywaji hivi havikukusudiwa kukaa ghalani. Bia ya hopi ina tabia hiyohiyo, ingawa saa yake inakwenda taratibu zaidi. Kila wiki inayopita, hata kwenye chupa iliyojazwa vizuri, harufu inapungua.

Kiwanda hakiwezi kukwepa jambo hili. Bia yake lazima ipande lori, ilale ghala la msambazaji, ihamie duka, isimame chini ya taa, ingoje mteja. Wanajitahidi, wana wahandisi na mashine za kupima oksijeni kwa viwango usivyoweza kuviota, lakini barabara ni ndefu. Barabara yako wewe ni hatua kumi kutoka kabatini hadi kwenye friji. Wiki mbili za kupata gesi kwenye joto la nyumbani, kisha friji, kisha glasi. Hakuna baa katika jiji lako inayoweza kumpa mteja IPA iliyokutana na hopi mwezi huu kwa uhakika ambao wewe unao kila unapopika. Nguvu hiyo unayo tayari na umekuwa ukiitupa kwa kuweka akiba ya chupa "za Krismasi". Za Krismasi pika Novemba. Andika tarehe juu ya kila kizibo, na chupa ya bia ya hopi isivuke wiki ya sita.

Na usiwaamini marafiki. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hakuna mgema anayesifiwa kama mpishi wa bia ya bure. Watakwambia ni nzuri kwa sababu wamekaa kwako na mishikaki inakuja. Wapime. Pika sufuria moja, igawe kwenye magaloni madogo ya lita nne, kila moja badilisha kitu kimoja tu: hii hopi gramu 4 kwa lita, ile 8, hii ilijazwa kwa kijiti, ile kwa bomba la wazi. Kisha waletee vikombe vitatu vinavyofanana, viwili bia moja na cha tatu nyingine, bila kusema kipi ni kipi. Waulize kipi ni tofauti. Wakishindwa kukipata, kile ulichokihangaikia hakina thamani, kiache. Wakikipata mara kwa mara, na wakakwambia kwa nini, hapo umejifunza kitu ambacho hakuna kitabu kingekupa, kwa kuwa ni juu ya maji yako, jiko lako na chupa zako.

Na ikitokea bia haikufikia kile pua yako inachokitaka, imwage bila kujuta, au ipikie nyama, halafu uwashe jiko tena. Unayo ndoo, unayo mizani, unayo pua iliyokulia kwenye rehani na karafuu. Pika Jumamosi hii. Mwishoni mwa Agosti mavuno mapya yanaanza Yakima, na wakulima hawataki kujua kama uko tayari. Kufikia hapo uwe umeshaamua ni hopi ipi unayoipigania.